Dawa za Alhamisi

Shati la kazi la Moffat Kinuthia lilikuwa la samawati, na mgongoni liliandikwa "Dawa kwa Kila Mtu". Alilivaa hata Jumapili alasiri, siku isiyo na kazi, akapita nalo sokoni polepole ili sote tusome. Simlaumu sana. Huku kwetu Mukurweini, kijana akirudi nyumbani na shati lenye jina la shirika, hata wazee husogea kwenye benchi ili akae.

Mimi naitwa Murugi, na ninauza chai na mandazi mkabala na kituo cha maziwa. Sihitaji redio. Kila asubuhi watu huja na mitungi yao na hasira zao, wakanywa chai, wakasema. Mambo ya Moffat niliyaona kwa macho yangu tangu mwanzo, na yale ambayo sikuyaona niliambiwa na mama yake, Nduta, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Mengine ni ya Wakonyo, na yeye mwenyewe amenipa ruhusa niyaseme, maana anasema yameshasemwa vibaya vya kutosha.

Shirika lenyewe lina jina refu la Kizungu ambalo sijamsikia mtu akilimaliza. Sisi tunaliita Shirika la Dawa. Ofisi yao iko Nyeri mjini, karibu na Majengo, na kazi yao ni kuhakikisha kwamba dawa za maradhi yale ya kukaa nayo maisha yote zinamfikia hata asiye na nauli, asiyeona, asiyeweza kutembea, asiye na wa kumtuma. Na wenyewe wanaishi kama wanavyohubiri, hilo ninawapa. Mkubwa wao, Anita, anatembea kwa magongo tangu utotoni. Anayepanga dawa stoo ni Barnabas, bwana wa kutoka magharibi ambaye hasikii kabisa, na wenzake wote wamejifunza kuongea naye kwa mikono. Moffat walimwajiri kwa sababu amezaliwa huku. Walimlipa ili ajue watu wa kwao, basi.

Mwanzoni aliwafaa. Watu wetu wengi walikuwa na kadi za kliniki lakini dawa hawana. Kwenda hospitali ni siku nzima, na ukifika unaambiwa dawa zimeisha, nenda kanunue. Mtu hufanya hivyo mara mbili, mara ya tatu anabaki kwake akilisha ng'ombe. Moffat ndiye aliyesema, kwa nini tuwafuate wagonjwa mmoja mmoja mabondeni ilhali kila asubuhi wote wanakuja kituo cha maziwa kwa miguu yao? Gari la shirika likaanza kuja Jumanne na dawa za presha na sukari. Ukimaliza kupimiwa maziwa, unapewa mfuko wako, unaenda zako.

Ilikuwa kazi nzuri na nitaisifu. Presha kwetu si aibu, karibu iwe cheo. Mwenye presha ni mtu aliye na shamba la kumsumbua na watoto waliosoma wasiopiga simu. Wazee walikaa kwenye benchi yangu wakilinganisha rangi za vidonge, huyu akijivunia kwamba vyake ni vikali kuliko vya mwenzake. Huko Nyeri Moffat akapigiwa makofi kwenye mkutano, na picha ya kituo chetu ikabandikwa ukutani ofisini. Alituonyesha hiyo picha kwenye simu mpaka tukaichoka.

Sasa lazima nieleze habari ya namba, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kila mkulima anayeleta maziwa ana namba yake. Harrison, karani wetu, akishapima, hutangaza namba na kilo kwa sauti ya mnada ili mwenzake aliye ndani aandike. Mia na tisa, kilo nane. Sabini na tatu, kilo nne na nusu. Tumeyasikia hayo kila siku ya Mungu. Kwa hiyo ukitaja namba hapa umemtaja mtu, na ng'ombe wake, na kama anaongeza maji kwenye maziwa. Mtu wa huku anaweza kusahau mtoto wake yuko darasa la ngapi lakini namba ya jirani haisahau. Tena namba ndogo ni heshima, kwa kuwa ni ya wale walioanzisha kituo. Nduta ana arobaini na mbili, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Moffat mwenyewe alikuwa akitumwa na maziwa ya arobaini na mbili tangu miguu yake haijui viatu.

Mtu aliyekua hivyo ndiye aliyekwenda Nyeri akasema kwamba dawa za kifafa nazo ziletwe kituoni, siku ya Alhamisi, na ili kuficha siri za watu wasitajwe kwa majina, watajwe kwa namba za maziwa.

Anita alimuuliza swali moja la maana. Alizaliwa mjini, hajawahi kukama ng'ombe, akauliza kama majirani hawatajua namba hiyo ni ya nani. Moffat akamjibu kwamba namba haina uso. Baadaye alimwambia mama yake kwamba hakusema uongo, alipokuwa amekaa kwenye kile kiti cha ofisi aliamini kabisa. Mimi pia naamini kwamba aliamini. Kuna watu wakikaa kwenye kiti kinachozunguka husahau hata njia ya kwao.

Kifafa si kama presha. Huku tunauita ugonjwa wa kuanguka, na tunautaja kwa sauti ya chini hata tukiwa peke yetu. Watu wanasema ukiguswa na povu la mgonjwa umekwisha. Wanasema uko kwenye damu ya nyumba. Kijana akitaka kuoa, kabla wazee hawajapeleka chochote, kuna mtu hutumwa kimyakimya kuulizauliza: kwa akina fulani, kuna wanaoanguka? Hakuna anayeuliza kuhusu presha. Na wakati huo Moffat mwenyewe alikuwa akionana na Nyawira, mwalimu, binti ya Ngatia, mzee wa kanisa, na nyumba hizo mbili zilikuwa zimeshaanza kutajiana siku ya wazee kutembeleana. Hilo lilijulikana na kila mtu.

Basi Jumapili moja Moffat akasimama mbele ya kanisa pamoja na nesi wa shirika, Nekoye, dada mpole wa kutoka Bungoma. Nekoye akaeleza ugonjwa, na Moffat akahubiri. Alisema kifafa si laana, si uchawi, hakiambukizi, na si aibu ya mtu yeyote. Alisema tunawafungia wagonjwa wetu vyumbani kama mbuzi wagonjwa. Alisema vizuri hata mimi nikatoa leso. Akamalizia na methali, mficha maradhi kifo humuumbua, na kanisa likasema amina.

Baada ya ibada Wakonyo akamfuata nyuma ya kanisa.

Wakonyo ndiye alikuwa mkuu wa jikoni katika kila harusi na kila mazishi ya upande huu. Mukimo wake wa viazi na mahindi hauna mpinzani. Akisimama mbele ya sufuria kubwa na mwiko wake, hata kamati hainusi jikoni bila ruhusa. Ana kovu la moto mkono wa kushoto, kutoka kiwiko mpaka kidole, na siku zote alituambia ni uji ulimmwagikia akiwa mtoto. Kumbe alianguka kwenye moto. Alikuwa na kifafa tangu usichana. Mumewe alijua, na mumewe akafa nayo hiyo siri. Dawa alikuwa akizinunua Kutus, kule Kirinyaga, mahali ambapo hakuna anayemjua, na nauli ikikosekana anakaa bila. Alimwambia Moffat haya yote akiwa ameshika Biblia kifuani, mtu wa kwanza kumwambia tangu amzike mumewe.

Moffat akamshika mikono yote miwili. "Jina yako haitatajwa kokote, tata," akamwambia, yaani shangazi. "Ni namba tu. Hakuna mtu atajua."

Wakonyo alifikiri namba itaandikwa kwenye mfuko, apewe kimya, atie kwenye kikapu. Moffat hakufikiri kitu.

Alhamisi ya kwanza mifuko ilikuwa michache, na kituo kimejaa. Nekoye alibaki garini. Na kwa kuwa wote tulikuwa tumemwona kanisani, gari liliposimama tu tukajua ni dawa za nini. Moffat akampa Harrison mifuko, akasimama kando na shati lake. Hakumwambia Harrison anong'one, na Harrison hajawahi kufundishwa kunong'ona. Alisafisha koo kama kawaida yake.

"Mia tatu na kumi na moja! Dawa!"

Kituo kizima kikageuka. Nami niligeuka, na kijiko cha sukari mkononi. Wakonyo alikuwa wa tano kwenye foleni. Aliinama akaanza kukaza kifuniko cha mtungi wake, kifuniko kilichokuwa kimekazwa tayari. Harrison akadhani hajasikia. Hana ubaya yule, ana sauti tu.

"Wakonyo, si ni wewe?" akasema. "Kuja uchukue dawa yako, mama."

"Hiyo si yangu," Wakonyo akasema. "Mmekosea."

Akabeba mtungi wake na maziwa yake ndani, akapanda barabara bila kupimiwa. Moffat angeweza kusema ndiyo, tumekosea, huo mfuko ni wa kituo kingine. Sentensi moja tu. Lakini alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele ya watu, kisha akatoa simu akaanza kuitazama. Wenzake Wakonyo, wale ambao namba zao hazikuwa zimefikiwa, waliondoka mmoja mmoja kabla ya kuitwa. Mifuko ikarudi Nyeri.

Hatukumfukuza Wakonyo. Laiti tungemfukuza, angepata wa kugombana naye. Sisi tulimhurumia. Wiki hiyo hiyo kulikuwa na mazishi, akaja na mwiko wake mapema kama kawaida, na kina mama wakamwambia kwa sauti tamu, leo pumzika, mama, umetufanyia kazi miaka mingi, kaa hapo kwenye kiti tukuletee chai. Wakaweka kiti mbali na moto. Kikombe chake kikaoshwa peke yake. Nilikuwepo, niliona kikombe, sikusema neno. Alikaa kidogo, akakunja leso yake, akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo maziwa yake yaliletwa na jirani, na yeye hakuonekana barabarani.

Kutus hakuweza kwenda tena, maana alipojiandikisha kwa Moffat aliacha kuweka nauli. Na dawa za kituoni hangezifuata hata kwa kifo. Nekoye alikuwa ameshatueleza kanisani kwamba dawa ya kifafa haiachwi ghafla, ukiiacha unaanguka vibaya kuliko mwanzo. Wakonyo anapika kwa kuni, anaishi peke yake. Kila mtu mwenye akili alijua kinachoweza kutokea.

Moffat alijua kutushinda sote. Huko ofisini Anita aliuliza mbona mifuko imerudi, naye akasema wagonjwa walikuwa na mazishi. Anita akamwambia awapelekee nyumbani upesi. Akaja kweli. Nilimwona akipita na mfuko ndani ya mkoba, akapanda njia ya kwa Wakonyo, na baada ya muda mfupi akashuka, mkoba ukiwa umejaa vilevile. Siku nyingine tena akapanda, akashuka. Alimwambia mama yake baadaye kwamba alifika mpaka kwenye geti, akaona moshi jikoni, akamsikia akikohoa, akageuka. Angemwambia nini? Alikuwa ameapa amemshika mikono. Aliona aibu, na nina hakika ilikuwa aibu ya kweli. Lakini aibu ya aina hiyo haimsaidii mgonjwa. Anayeona aibu amekaa na aibu yake akiibembeleza, na mwenzake yuko ndani hana dawa.

Mimi ndiye nilimwambia Nduta. Moffat alikuwa amemficha. Nduta alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake yote, akasema atamngoja. Moffat aliposhuka kwa mara nyingine na mkoba wake, mama yake akamwita ndani ya kibanda changu, akamkalisha kwenye benchi mbele yangu. Nilijifanya ninakanda unga.

Hakumgombeza. Nduta si mtu wa kupaza sauti. Alimuuliza dawa ziko wapi, akaonyeshwa. Akauliza kwa nini asimpe yeye ampelekee Wakonyo leo leo. Moffat akasema haiwezekani, lazima mgonjwa atie sahihi mwenyewe au aitwe kituoni kwa namba yake, ndiyo sheria ya kazi tangu dawa zilipoanza kupotea. Pia alisema, na hapo alikuwa na haki, kwamba watu wakimwona Nduta akipanda kwa Wakonyo na mfuko wa shirika, watazidi kusema.

"Basi Alhamisi ita namba yangu," Nduta akasema. "Andika niko na kifafa. Mimi nachukua, nampelekea jioni na maziwa. Hakuna mtu atauliza mbona naenda kwa rafiki yangu."

Moffat alimtazama kana kwamba mama yake amevua nguo sokoni. Akaanza kusema habari za utaratibu, kwamba hawezi kuandika ugonjwa ambao mtu hana. Nduta akamwambia ampigie mkubwa wake amweleze. Akasitasita, akapiga, akatoka nje kuongea. Aliporudi uso ulikuwa umemshuka. Alikuwa amemwambia Anita kila kitu, na Anita hakupiga kelele, alisema tu Nduta aandikwe kama mtu wa kumchukulia mgonjwa dawa, kwamba hilo linaruhusiwa na lilikuwa linaruhusiwa tangu mwanzo, na mfuko uwe na namba ya Nduta. Na kwamba namba hazitatangazwa tena huko baada ya Alhamisi hii, Nekoye atatafuta njia nyingine. Alhamisi hii moja tu, dawa ifike.

Ungedhani angefurahi. Alikaa akizungusha kikombe.

"Mami, lakini watu watasema."

"Watasema nini?"

Akatazama nje, upande wa kituo.

"Si wewe ulisimama kwa kanisa ukasema hii ugonjwa si aibu?" Nduta akamuuliza. "Ama ni aibu ikikuja kwetu?"

Akasema si hivyo. Akasema anamfikiria yeye, heshima yake. Akataja namba arobaini na mbili, akamtaja marehemu baba yake. Nyawira hakumtaja, wala Ngatia, lakini sisi wawili tulimsikia akikosa kuwataja. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwishowe akakubali, akiwa ameinamisha kichwa, na nikamhurumia, maana alikuwa mtoto mzuri na nilimjua tangu ananyonya.

Alhamisi ikaja na ukungu wake. Nduta alivaa leso yake ya kanisani na sweta safi, akapanga foleni na mtungi wake. Gari likafika. Moffat akampa Harrison mifuko na kurudi kusimama mahali pake pale pale. Watu walikuwa wamekuja wengi kuliko siku zote, hata wasio na ng'ombe. Ngatia alikuwepo, amevaa koti na kofia, kwa kuwa yeye ni mwenyekiti wa kamati ya kituo.

Harrison akatazama mfuko. Akautazama tena. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema kwa sauti ya mtu wa kawaida.

"Arobaini na mbili. Dawa."

Nikamwaga chai ya mteja mezani bila kujua. Nduta akaweka mtungi chini, akatoka kwenye foleni, akaenda mbele taratibu bila kumkwepa mtu macho. Wanawake wawili walirudi nyuma kumpisha, wakarudi zaidi ya ilivyohitajika. Aliona. Aliendelea kutembea. Akapokea mfuko kwa mikono miwili kama anavyopokea sakramenti, akamwambia Harrison asante. Nawaambia, kama ningekuwa na mtoto ningetaka aone mama yake akitembea hivyo mara moja.

Ngatia akageuka kwa Moffat. Hakusema kwa ubaya, alisema kwa mshangao, lakini ni mtu wa sauti nzito na kila mtu alisikia.

"Kumbe hata kwenu iko?"

Na Moffat, kabla ya kufikiri, akajibu haraka kama mtu anayetoa mkono kwenye moto.

"Hapana, mzee. Hiyo si yake. Kuna mtu anachukulia."

"Mtu nani?"

 Macho ya Moffat yalikwenda barabarani, upande wa juu, kwa Wakonyo, na macho yetu yote yakafuata. Hata kama yasingekwenda, nani asiyejua Nduta ni rafiki wa nani? Harrison akainamia mizani. Nesi Nekoye, aliyekuwa ameshusha kioo cha gari, akakipandisha. Wale wanawake wawili wakasogea tena karibu na Nduta, wakamgusa bega, mmoja akasema, aki ulitushtua, mama. Wakacheka kwa nafuu. Walikuwa wamerudishiwa mtu wao.

Nduta hakucheka nao. Aliutoa mkono wa yule mwanamke begani mwake, akaweka mfuko chini ya leso, akaacha mtungi wa maziwa pale pale ulipokuwa, akapanda barabara. Hakumtazama Moffat. Naye Moffat alisimama, watu wakaendelea kupimiwa, Ngatia akampiga mgongoni pale penye maandishi na kumwambia asikose kufika Jumamosi, siku ya wazee. Alisema ndiyo, mzee. 

Gari lilipoondoka hakuondoka nalo. Alivuka barabara, akakaa kwenye benchi yangu, nikamwekea chai, haikuguswa. Alivua lile shati akabaki na fulana, katika baridi hiyo, akalikunja maandishi yakiwa ndani. Aliniuliza kama nilisikia alichosema. Nikamwambia nilisikia. Aliniuliza kama mama yake alisikia. Nikageukia karai, nilikuwa na hasira na mandazi yalikuwa yanaungua.

Nduta alirudi jua likiwa limeshatoa ukungu. Akachukua mtungi wake mtupu kwa Harrison, ambaye alikuwa amempimia bila kutangaza, akaja akakaa benchi ya pili, si ile ya mwanawe. Nikampa chai, akainywa. Moffat alikuwa akingoja agombezwe. Alitaka sana agombezwe, iliandikwa usoni.

"Amekunywa dawa," Nduta akasema. "Nimemwona akimeza. Alikuwa ameanguka jana kwa banda ya ng'ombe, ameumia hapa." Akagusa juu ya jicho. "Ameniuliza wamesema nini huko chini. Nikamwambia."

"Ulimwambia yote, Mami?"

"Sasa nimfiche, asikie kwa wengine?"

Moffat akafunika uso kwa lile shati. Akasema, kutoka ndani ya kitambaa, kwamba neno lilimtoka tu, kwamba hakukusudia, kwamba alikuwa anamlinda yeye, mama yake.

Nduta aliweka kikombe chini.

"Mimi nilikuwa nimekubali niitwe mgonjwa," akasema. "Ilikuwa imeisha, watu walikuwa wameamini. Ni wewe umekataa kuitwa mtoto wa mgonjwa."

Kisha akanilipa chai zote mbili, yake na ile ambayo haikunywewa, akachukua mtungi wake akaenda nyumbani kulisha ng'ombe.